Shikamoo kwa Mwalimu wa Fizikia

Cheti changu cha kidato cha nne kilikaa miaka kumi na mitatu chini ya nguo kwenye sanduku, na sababu ilikuwa herufi moja. Kemia nilipata D. Baiolojia C. Kiswahili B, na hilo halikumshangaza mtu yeyote anayenijua, maana kuongea ndiyo kazi pekee ninayoiweza bila kufundishwa. Fizikia, F. Na chuo cha uuguzi, ukipeleka maombi, wanaiangalia hiyo Fizikia kwanza. Angalau D. Chini ya hapo fomu yako inawekwa pembeni na habari yako imeisha. Nilikuwa nimesharudia mtihani huo mara mbili kama mtahiniwa wa kujitegemea, na mara zote mbili nilipata F ile ile.

Mimi nafua mashuka ya wagonjwa kwenye hospitali ya Haydom. Si kazi ya kuonea aibu na sijawahi kuionea aibu. Mashuka yanakuja machafu, yanaondoka safi, tunayapanga kwenye toroli na kuyasukuma mpaka wodini. Shida ilikuwa huko wodini. Mgonjwa akikuona na sare hachagui, anakuita tu. Kuna bibi mmoja aliletwa kutoka Yaeda Chini, siku nzima njiani, mguu umevimba, Kiswahili chake cha kuokoteza kama cha bibi yangu mwenyewe. Alinishika mkono nikiwa natandika kitanda cha jirani yake, akaniuliza kama dawa anywe kabla ya kula au baada. Nikamwambia, "Bibi, mimi si nesi, ngoja nikuitie." Akanitazama juu mpaka chini. "Na wewe kwa nini usiwe?" Alisema kama mtu anayemgombeza mvivu. Nilicheka, wenzangu wakacheka, lakini nilipofika nje kwenye toroli langu nililia, na nilikuwa na hasira, sijui hata na nani.

Mume wangu ni mtu wa Dirma, mtu wa ng'ombe. Shule aliishia darasa la saba na sijawahi kumsikia akiikumbuka. Nilipomwambia nataka kurudia Fizikia mara ya tatu, aliendelea kufunga ndama mpaka nikadhani hajasikia. Mwisho akasema, "Sawa, mama watoto. Lakini hii ndiyo ya mwisho. Ukifeli, hilo jambo tulizike." Nikamuuliza amekuwa hakimu lini. Akasema mwaka niliofeli mara ya pili nilikaa wiki tatu nyumbani bila kuongea, na yeye alioa mwanamke anayeongea. Nikakubali kwamba hii ndiyo ya mwisho, na nilimaanisha.

Basi nikatafuta mwalimu. Kwenye sekondari ya kata yetu alikuwa ameletwa kijana wa Fizikia na Hisabati, ametoka chuo mwaka huo huo, umri wake sawa na mdogo wangu wa mwisho. Mkuu wa shule alituruhusu darasa moja, Jumanne na Alhamisi saa kumi alasiri, mimi nikitoka kazini na wanafunzi wakiwa uwanjani. Kijana alikataa malipo yoyote. Nikawa nampelekea maziwa mgando kwenye kidumu, hayo aliyapokea kwa mikono miwili.

Ni kijana aliyelelewa vizuri mno, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Kwao ni milimani huku huku Mbulu, nyumba za watu wanaojua adabu. Akiingia darasani, hata kama ameshika chaki na vitabu, anasimama kwanza, anainamisha kichwa: "Shikamoo mama." Nami, nimekaa kwenye dawati la mwanafunzi, magoti yamegota kwenye ubao, namjibu, "Marahaba mwanangu." Ndipo somo linaanza. Nilimpenda sana. Nilikuwa namsifia kila mahali. Nilisema jamani, hatimaye nimepata mwalimu anayejua kufundisha mtu mzima.

Maswali ya mtihani ni ya Kiingereza, lakini yeye alikuwa ananieleza kwa Kiswahili kwanza. Kani, alisema, ni nguvu ya kusukuma au kuvuta kitu. Masi ni kilo za kitu chenyewe. Mchapuko ni jinsi mwendo wake unavyoongezeka kila sekunde. Ukizidisha masi kwa mchapuko unapata kani, kwa nyutoni. Hapo nilikuwa sina shida. Kuzidisha nazidisha. Toroli la kilo hamsini, mchapuko wa mbili, kani ni nyutoni mia. Nilikuwa naandika haraka na mwandiko mzuri, naye anapiga vema kwa peni nyekundu, vema kubwa linalotoka nje ya mstari.

Halafu swali linaendelea. Linasema: ikiwa anayevuta mbele anavuta kwa nyutoni mia moja na sitini, kani inayozuia ni ngapi? Mimi nikaandika mia moja na sitini, kujumlisha mia, ni mia mbili na sitini. Nikampa daftari. Akaliangalia muda mrefu kidogo. Akasema, "Umejitahidi sana mama. Hapa tunaweza kupaangalia tena siku nyingine." Akarudisha daftari, tukaendelea na swali lingine.

Ikawa hivyo mwezi baada ya mwezi. Swali la mtu anayevuta sanduku sakafuni, nikajumlisha. Swali la gari linalofunga breki, nikajumlisha. Swali la ndoo inayopandishwa kutoka kisimani kwa kamba, nikachukua mvuto wa kamba na uzito wa ndoo nikavijumlisha vyote, nikafurahi kwa sababu namba ilitoka nzima bila desimali. Daftari langu lote lilikuwa na vema. Nilimwonesha mpaka mume wangu. Alilifungua, akaona wekundu wa vema kila ukurasa, akasema, "Mwaka huu huenda kweli."

Mwezi wa tisa wanafunzi wa kidato cha nne walifanya mtihani wa majaribio, na mwalimu wangu akaniombea nikae nao nijipime. Nilipewa namba kama wengine. Karatasi za Fizikia zilisahihishwa na mwalimu wa shule nyingine, mtu ambaye hanijui, hajawahi kunipa shikamoo wala mimi kumpa maziwa. Nilipata kumi na nane kwa mia.

Nilisimama kwenye ubao wa matangazo katikati ya watoto wa watu nikaitafuta namba yangu mara tatu. Labda imeingiliana na ya mtu. Haikuingiliana. Kumi na nane. Watoto walinipisha kwa heshima, mmoja akaniambia, "Pole mama." Ile pole ilinichoma kuliko alama zenyewe.

Nilimkuta mwalimu darasani anafuta ubao. Siku hiyo sikungoja salamu. Nikafungua daftari juu ya meza yake, nikamwambia, "Hebu nioneshe kosa moja uliloniwekea humu. Moja tu. Miezi mitano!"

Akaangalia chini.

"Mwalimu, nakuuliza wewe."

"Hakuna mama."

"Na haya majibu ni sahihi?"

Nikachukua daftari nikaliangalia tena, mara hii kwa macho mengine, nikaona kitu ambacho nashangaa mpaka leo jinsi nilivyokipita kila siku. Vema zilikuwa kwenye fomula. Zilikuwa kwenye kuzidisha. Mistari ya mwisho, ile ya majibu, ilikuwa mitupu. Hakuna vema, hakuna kosa. Peni nyekundu haikuwahi kugusa jibu langu hata moja.

"Ningekuambiaje, mama?" akasema. "Wewe ni mtu mzima. Una umri wa mama yangu mdogo. Umetoka kazini umechoka, umeniletea maziwa, mimi nisimame nikuambie umekosea? Nilishindwa. Nilikuambia tupaangalie tena."

"Kumbe hiyo ndiyo ilikuwa alama yako ya kosa! Tupaangalie tena!"

"Nilikuwa naomba uone mwenyewe."

Eti alikuwa anaomba. Mungu wangu! Miezi mitano mtu anaomba badala ya kuniwekea alama ya mkasi kwa peni nyekundu. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa, nikabeba daftari langu, nikasahau hata kidumu. Njiani nilikuwa naongea peke yangu mpaka mama mmoja wa sokoni akaniuliza kama kuna msiba.

Kulikuwa na wiki tisa kabla ya mtihani wenyewe, ule wa mwisho, ule wa kuzika jambo. Usingizi sikupata vizuri. Lakini asubuhi, nikiwa natoa mashuka kwenye mashine, hasira ilianza kupungua, na ilipopungua nikaona jambo ambalo sikulipenda. Mimi ningefanya nini? Mimi niliyelelewa mlima ule ule? Kuna mama mtu mzima anayesimamia chumba chetu cha kufulia, na amekuwa akikunja mashuka vibaya tangu siku ya kwanza niliyofika. Miaka sita sasa. Nimewahi kumwambia? Nayakunjua kimyakimya nikiwa kwenye kona, nayakunja upya. Kijana wa watu alikuwa ananikunjulia mashuka yangu kwenye kona, tatizo ni kwamba mtihani hauna kona.

Alhamisi nilirudi. Nilifika mapema nikakaa dawati la mbele. Alipotokea mlangoni alikuwa ameshika kidumu changu, amekiosha, na nikaona anavyojiandaa kuinamisha kichwa. Nikamuwahi. Nikasimama wima, mikono nyuma, kama tulivyokuwa tunafanya tukiwa watoto.

"Shikamoo mwalimu."

Alirudi nyuma hatua moja. Kweli, alirudi nyuma. "Mama, tafadhali usinifanyie hivyo."

"Shikamoo mwalimu."

"Watu wakisikia watasemaje?"

"Watasema huyu mama ni mwanafunzi. Ndicho nilicho. Nje ya mlango huo wewe ni mwanangu na utaniamkia mpaka nizeeke. Humu ndani siyo. Nasimama hapa mpaka uitikie, na miguu yangu imeshinda kazini tangu alfajiri."

Aliangalia dirishani. Uwanjani watoto walikuwa wanacheza mpira, hakuna aliyekuwa anatuangalia. Akafuta paji la uso kwa mkono wenye chaki, akabaki na mstari mweupe. Halafu akasema, kwa sauti ndogo sana, akiwa ameangalia sakafu, "Marahaba."

"Sasa niambie nikae."

"Kaa chini."

Nikakaa. Akafungua daftari langu ukurasa wa kwanza wa yale maswali, akachukua peni nyekundu, akapumua. "Hapa umekosea," akasema. Akaweka mkasi. Akafungua ukurasa wa pili. "Umekosea." Wa tatu. "Umekosea." Kufika wa sita sauti ilikuwa imekaza, na kufika wa kumi alikuwa anacheka, na mimi nacheka, machozi yananitoka. Sijawahi kufurahia kukosea hivyo. Ilikuwa kama kutua kuni kichwani. Kila mkasi aliouweka niliuona kabisa: kumbe ni hapa, kumbe ni hapa, kumbe sina laana, nina kosa. Na lilikuwa kosa moja tu, limejirudia kurasa arobaini.

"Sasa niambie," akasema, na kwa mara ya kwanza aliongea kama mwalimu, "kwa nini unajumlisha? Anayevuta yuko mbele. Anayezuia yuko nyuma. Kwa nini unawajumlisha?"

"Kwa sababu wote wanafanya kazi."

"Anayezuia anafanya kazi gani?"

Nilimtazama nikidhani ananitania. Nikamwambia, mwalimu, wewe si mtu wa mlimani? Hamkuwahi kushusha mkokoteni? Nyumbani kwetu shamba lilikuwa juu na nyumba iko chini, na mteremko wenyewe ni wa kutisha. Wakati wa mavuno magunia yanapakiwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe, na nyuma inafungwa kamba ndefu. Majirani wanakuja. Wengine wanakaa mbele na ng'ombe, wengine wanashika kamba ya nyuma wanavuta kurudi juu, visigino vimezama kwenye udongo, ili mzigo usiwakanyage ng'ombe. Baba yangu alikuwa mtu wa kamba ya nyuma. Watu walikuwa wanamfuata hata kutoka vijiji vya jirani. Mzigo ukifika, pombe na nyama vinagawiwa sawa kwa sawa, na kama kuna wa kuanza kupewa, basi anaanza wa nyuma, maana wa nyuma ndiye aliyechunika mikono. Hakuna mtu kwetu anayeweza kusema wa mbele walikuwa wanne na wa nyuma watatu, kwa hiyo waliofanya kazi ni mmoja. Ukisema hivyo wanakupiga.

Nilipomaliza nilikuwa nimesimama, sijui nilisimama saa ngapi. Na nilikuwa nimemkumbuka baba vibaya sana.

Kijana hakucheka. Alikaa kwenye dawati la jirani, akafikiri. Akasema, "Mama... samahani. Wewe. Kazini toroli la mashuka mnashusha wawili?"

"Wawili. Pale kwenye mteremko wa kutoka kufulia, mimi nasukuma nyuma, mwenzangu anatangulia mbele analizuia kwa mikono."

"Mwenzako akiachia?"

"Weee! Linakimbia mpaka ukutani."

"Kwa nini linakimbia?"

"Kwa sababu hakuna anayelizuia."

"Kwa hiyo alipokuwa amelizuia, alikuwa anaongeza mwendo wa toroli au anaupunguza?"

"Anaupunguza," nikasema, "lakini anasaidia."

"Anasaidia," akasema. "Hilo hakuna anayekataa. Lakini msaada wake ndiyo huo wa kupunguza. Mimi siulizi nani amechoka. Siulizi nani apewe nyama. Nauliza toroli lenyewe, lile bati na magurudumu, limebaki na kani kiasi gani ya kuliongezea mwendo. Kilo hamsini, mchapuko mbili. Zidisha."

"Mia."

"Hiyo mia ndiyo iliyobaki baada ya mvutano wote. Kwenye swali lile, wa mbele alivuta mia na sitini. Toroli limepata mia tu. Nyingine ziko wapi?"

Nikamwangalia. Nikaangalia ubao. "Zimeliwa na wa nyuma."

"Ngapi?"

"Sitini."

Alipiga ngumi kwenye dawati mpaka chaki ikaanguka. "Sitini!"

Kitu chepesi hivyo. Miaka kumi na mitatu! Nilitaka kucheka, nikaona nalia. Nikamuuliza, na nilijua ni swali la kitoto, "Kwa hiyo baba yangu anatolewa?" Akasema hapana, akachora ubaoni mkokoteni, akachora mshale mkubwa kwenda chini, halafu akachora mshale mwingine, mnene, kutoka nyuma kwenda juu. "Huyu hapa," akasema. "Amechorwa kama wengine. Ni upande tu aliokuwa anavuta." Nikauangalia ule mshale. Ulikuwa mnene kweli. Nikaridhika.

Wiki zilizobaki alinitendea bila huruma, na nasema hilo kwa shukrani. Naingia, shikamoo mwalimu, marahaba kaa chini, umekosea. Alizoea haraka kuliko nilivyotegemea. Kuna siku nilimwambia sasa umepitiliza. Kila swali nilichora mishale kwanza kabla ya namba. Jembe la kukokotwa lenye kilo arobaini, mchapuko nusu, nyutoni ishirini tu, na ng'ombe wanatokwa povu! Siku za nyuma ningesema kitabu kimekosea. Sasa niliweza kumwambia mume wangu, akiwa ametoka kulima, kwamba nguvu yote ya ng'ombe wake imeliwa na udongo na jembe limebakiwa na kidogo. Akasema hilo alilijua tangu akiwa na miaka saba, na kama ndiyo Fizikia basi hata yeye angepata A bila kukanyaga sekondari. Tulicheka, ila usiku ule ule aliniuliza tena tarehe ya mtihani, na nilijua naye anahesabu.

Siku ya mtihani ikafika. Swali la tatu lilikuwa na sanduku, kamba mbili, moja kila upande, na masi, na mchapuko. Nitasema ukweli: mkono wangu uliandika alama ya kujumlisha. Miaka kumi na mitatu haiondoki kwa wiki tisa. Niliiangalia ile alama, nikasikia kichwani sauti ya kijana ikisema umekosea, nikaikata kwa mstari mmoja. Nikachora mishale. Nikatoa. Msimamizi alipita akaniangalia kwa sababu nilikuwa nimeanza kutabasamu peke yangu. Lakini maswali mengine, ya umeme, ya lenzi, hayo nilipita kama mtu anayevuka mto gizani. Nilitoka sijui kama nimefaulu au nimefeli, na nikakaa hivyo hivyo Krismasi na mwaka mpya, naongea kupita kiasi ili mume wangu asipate hofu.

Matokeo yalitoka mwezi wa kwanza, mchana, tukiwa tunaanika. Mwenzangu wa toroli ndiye aliyekuwa na simu yenye mtandao. Ukurasa ulikuwa unazunguka tu, unafunguka nusu, unazunguka tena. Nikamwambia aangalie yeye, mimi siangalii. Nikashika shuka kwenye kamba nikajifunika uso nalo, shuka bichi, linanuka sabuni. Nikamsikia anasoma namba za watu wengine kwa midomo.

"Sema," nikamwambia nikiwa ndani ya shuka.

"Fizikia," akasema, "D."

Nikatoa uso. "Soma tena."

"D. Ona mwenyewe, mbona husadiki? D hii hapa."

Niliiona. Nikakaa chini kwenye saruji yenye maji, nikasema asante, asante, asante, sijui nilikuwa namwambia Mungu au simu. Mtu mwingine angeona D ni nini, ni alama ya kufichwa. Kwangu ilikuwa mlango wote. Nilimpigia mwalimu. Hakusema neno lolote la maana, alipiga kelele tu, na nyuma yake nikasikia walimu wengine wakimuuliza kuna nini.

Nyumbani nilimkuta mume wangu anatengeneza uzio wa zizi. Aliniona nikija na nguo zimelowa nyuma, akaacha kazi. Alisimama tu na panga mkononi, na nikaona uso wake umekaa tayari kunipa pole.

"D," nikasema.

Akafikiri. "D ni ile uliyokuwa unaitaka, au ni ile mbaya?"

"Ndiyo yenyewe. Inatosha."

Akaweka panga chini taratibu. Akajifuta mikono kwenye suruali, akaja akanishika mabega, akaniachia, akanishika tena. Si mtu wa mambo hayo. Akasema, "Sasa unaondoka lini?"

Kuondoka? Sikuwa nimewahi kuuliza chuo kinafunguliwa mwezi gani. Sikujua wanalala wapi, wanavaa viatu vya rangi gani, nani atakaa na watoto. Miaka yote hiyo mawazo yangu yalikuwa yakifika kwenye Fizikia yanasimama hapo.

"Sijui," nikamwambia.

Alianza kucheka. "Mama watoto, ulikuwa unasumbuka hivyo na hujui unaondoka lini?"

"Sijui kabisa."

"Basi ingia ndani ubadilishe nguo," akasema, "ukaulize chuoni kabla hawajafunga ofisi."